Kuitunza Pikipiki Kuukuu Nyumbani

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kusema nanyi habari za pikipiki za zamani, zile ambazo hata sasa huonekana katika nyumba kadha wa kadha za Kibaha na Kisarawe. Nyingine zaendeshwa kila siku, na nyingine zimeegemezwa chini ya mwembe au mkorosho zikingoja hukumu. Hukumu yenyewe kwa kawaida ni moja katika mbili: ama hupita mnunuzi wa chuma chakavu akaipima kwa kilo, ama hutokea mtu mwenye spana moja na haraka nyingi akaifungua yote kwa siku moja, asiweze kuifunga tena. Sisi twasema iko njia ya tatu. Na neno tunalotaka mlishike tangu mwanzo ni hili: pikipiki kuukuu huharibiwa na mkono wenye haraka kuliko inavyoharibiwa na barabara.

Pikipiki si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha askari wa pikipiki kutoka Afrika Kusini kilikuja kupigana huku Afrika ya Mashariki. Katika Vita Kuu ya Pili kiwanda cha BSA cha Uingereza kiliwaundia majeshi zaidi ya pikipiki 120,000 za namna iliyoitwa M20, mtambo mzito wa silinda moja, usio na mbio lakini wenye subira ya punda. Baadaye zikaja za Japani, na mojawapo twapaswa kuitaja kwa jina, nayo ni Honda CG 125, iliyotolewa mwaka 1976. Waundaji wake walijua ya kuwa katika nchi nyingi watu huendesha miezi na miezi pasipo kubadili oili wala kukaza kitu. Basi waliuacha ule mnyororo wa ndani unaoendesha valvu, mnyororo utakao uangalizi, wakatia vijiti vya chuma visivyodai mengi.

Habari hii yatufaa leo kwa sababu moja kubwa. Injini za pikipiki nyingi za China zinazobeba abiria hapa Maili Moja na Mlandizi zimefuata mfano wa injini ile ya mwaka 1976. Kwa hiyo mwenye Honda ya namna hiyo si yatima. Mara nyingi hupata ringi, gasketi, plagi na viatu vya breki katika duka la kawaida. Lakini kufanana si kuwa sawasawa. Msiende dukani na jina tu. Chukueni kile kifaa cha zamani mkononi, mkilinganishe na kipya kwa urefu, kwa upana na kwa matundu, ndipo mtoe fedha.

Sasa tuangalie adui wa pikipiki katika pwani yetu. Adui wa kwanza ni unyevu. Hewa ya huku ina maji wakati mwingi wa mwaka, na katika masika, tangu Machi hata Mei, chuma kisichopakwa kitu hushika kutu upesi. Adui wa pili ni mchanga wa njia za Kibaha na vumbi la kiangazi. Adui wa tatu ni tope la vilima vya Pugu na Kisarawe, ambalo likikauka ndani ya breki na mnyororo huwa kama msasa. Adui hawa watatu hawapigwi kwa nyundo. Hupigwa kwa kitambaa, brashi, maji kidogo na oili.

Basi kazi ya kila juma ni hii. Osheni pikipiki kwa ndoo na kitambaa, wala msielekeze maji ya nguvu kwenye kabureta, kwenye nyaya za umeme, wala kwenye vitovu vya magurudumu, maana maji hupita mahali ambapo grisi haipiti. Ikikauka, safisheni mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa, mkaupake oili, kisha mpime ulegevu wake. Ukisukumwa juu na chini katikati, uchezee kama sentimita 2 hivi, au kama kitabu cha pikipiki yenu kisemavyo. Ukikazwa mno huumiza beringi, na ukilegea mno huruka meno. Tieni matone ya oili katika waya wa klachi na waya wa breki. Pigeni spoki kwa spana ndogo, moja baada ya moja, msikilize. Ile iliyokaza hulia, na ile iliyolegea hunyamaza.

Kichujio cha hewa ndicho pua ya injini. Kikiwa cha sponji, huoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. Kikiwa cha karatasi hakioshwi. Hukung'utwa vumbi, na kikizidi uchafu hubadilishwa. Mtu akiendesha kutoka Mlandizi kwenda Mzenga na Maneromango wakati wa kiangazi asingoje mwezi. Akitazame kila juma.

Oili nayo hupimwa pikipiki ikisimama wima mahali tambarare, injini imepumzika dakika chache. Injini nyingi ndogo za zamani hazina kichujio cha karatasi cha oili, bali wavu wa chuma tu. Kwa hiyo kuibadili oili ndiko kuisafisha injini, na kwa njia zetu za vumbi kilomita 1,500 si mapema. Oili chafu isimwagwe kisimani wala bondeni. Mto Msimbazi chanzo chake ni vilima vya Pugu, na kinachomwagwa huku juu huteremka Dar es Salaam hata baharini. Itieni katika dumu, mpelekee mwenye gereji akusanyaye.

Labda msikilizaji mmoja atauliza: Je, pikipiki ikikataa kabisa kuwaka, tufanyeje? Tunamjibu: usiifungue, iulize kwanza. Injini yataka mambo matatu tu, yaani petroli iliyochanganyika na hewa, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Ulizeni kwa utaratibu huo, wala msiruke.

La kwanza ni petroli. Je, imo? Je, bomba lake limefunguliwa? Legezeni skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, mtazame kama petroli yashuka safi katika kikombe. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utandu kama gundi, nao huziba kile kitundu chembamba cha shaba ambacho mafundi hukiita jeti. Kitundu hicho huzibuliwa kwa dawa yake na kwa upepo wa pampu. Kamwe msikichokoe kwa waya wa chuma, kwa kuwa shaba ni laini, na kitundu kikishapanuka hakirudi tena. Tangu siku hiyo pikipiki hunywa petroli pasipo kushiba.

La pili ni cheche. Hapa petroli ile ya kikombe iondolewe kwanza, nayo iwekwe mbali. Ondoeni plagi, mwisome rangi yake, maana plagi ni barua itokayo ndani ya injini. Ikiwa ya kahawia kama biskuti, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli yazidi au hewa imezibwa. Ikiwa nyeupe sana, injini yapata hewa nyingi mno na joto kali. Ikiwa imelowa oili, huenda ringi au valvu zimechoka. Isafisheni, mpime mwanya wake, ambao kwa Honda tuliyoitaja ni milimita 0.6 hata 0.7. Kisha irudisheni katika kofia yake, mwiegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, mkishika kofia kwa kitambaa kikavu, mpige kiki. Cheche nzuri ni ya buluu na huonekana dhahiri. Ikikosekana, tazameni pointi, yaani vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana katika pikipiki za zamani. Mara nyingi kosa si koili wala waya, bali ni ukungu mdogo juu ya vyuma hivyo, ambao huondoka kwa karatasi laini iliyo safi, au kwa msasa mwembamba sana.

La tatu ni mgandamizo. Plagi ikiwa mahali pake, bonyezeni kiki polepole kwa mguu. Ikikataa kidogo kabla ya kupita, injini ina pumzi. Ikishuka pasipo kizuizi, basi valvu, ringi au gasketi zina neno, na hapo ndipo pa kumwita fundi. Angalieni basi: mmefika kwa fundi mkijua la kumwambia, wala hamkulegeza nati hata moja ya injini.

Sasa habari ya vyombo vya kazi. Pikipiki za Kiingereza za miaka ile, kama ile BSA, nati zake hupimwa kwa namna iitwayo Whitworth, na za Japani hupimwa kwa milimita. Spana ya moja ikilazimishwa kwa nyingine huzungusha pembe za nati mpaka ikawa mviringo kama kete, na baada ya spana huja koleo, na baada ya koleo huja patasi na nyundo. Ukitaka kujua kama pikipiki imepita katika mikono ya haraka, tazama vichwa vya skrubu zake. Nati iliyoshikwa na kutu haipigwi. Hutiwa mafuta ya kupenya jioni, ikaachwa usiku kucha, ikajaribiwa asubuhi. Na nati iingiayo katika aluminiamu huanzwa kwa vidole, maana uzi wake ukishakatika ni gharama na majuto.

Kabla ya kuondoa kitu, kipigeni picha kwa simu ya mkononi. Vitu mnavyovitoa vipangeni juu ya sinia kwa taratibu mliyovitolea, ili kurudisha kuwe ni kutembea njia ile ile kinyumenyume. Tena muwe na daftari. Andikeni siku, kilomita, kilichofanywa na kilichonunuliwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo ni kweli kwa pikipiki kama lilivyo kweli kwa duka.

Lakini hatuna budi kuonya pia. Ziko kazi ambazo si za nyumbani. Tanki lililotoboka lisipelekwe kwenye moto wa kulehemu kwa sababu tu halina petroli, kwani mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka na kuua. Apewe fundi ajuaye kuliondoa mvuke kabla ya kuanza. Kuichimba silinda na kuitengua kombo ya injini ni kazi za mwenye mashine na vipimo. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana katika moshi wake mna hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Kibatari na sigara vikae mbali na petroli. Na viatu vya breki vya zamani huenda vimetengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Msilipulizie kwa mdomo wala kwa pampu, bali lifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji, mkakitupe kitambaa hicho kikiwa bado kibichi ndani ya mfuko uliofungwa.

Tumezitaja breki, nazo twataka ziwe za mwisho katika mazungumzo haya ili zisisahauliwe. Mtu aweza kusamehewa akiwa na pikipiki isiyong'aa, au yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Hawezi kusamehewa kwa breki. Pikipiki inayokataa kuwaka humwacha mwenyewe nyumbani salama. Pikipiki inayokataa kusimama kwenye mteremko wa Kisarawe haimwachi, wala haimwachi mtoto avukaye njia kwenda shule. Kwa hiyo, mtu akiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, na anunue viatu vya breki kabla ya rangi, na tairi kabla ya taa ya mapambo. Tena azijaribu breki polepole mahali pa wazi kabla hajampakia mtu nyuma yake.

Wasikilizaji, si kila kizee cha chuma kistahilicho kufufuliwa. Fremu iliyopasuka au iliyopinda iacheni iende kwenye mizani. Lakini pikipiki ambayo mifupa yake ni mizima, na ambayo vipuri vyake vyapatikana, msiiuze kwa kilo kwa sababu ya kabureta lililoziba. Vijiji vyetu vingi viko mbali na barabara kuu ya Morogoro, na usiku wa mvua, mgonjwa akihitaji kupelekwa, hakuna atakayeuliza pikipiki ni ya mwaka gani. Watauliza kama itawaka, na kama itasimama. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, lakini hata kamba yataka kuanikwa na kutazamwa.

Anzeni basi Jumamosi hii kwa kitambaa na brashi, spana ikae kwanza katika mfuko wake.