Ordinatere ikikataa kuwaka: tusikimbilie kuiformata

(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba kwenye mkutano wa mwezi, Lubumbashi)



Komite iliniomba niseme juu ya ordinatere ya chama, ile ya mezani, ambayo leo inawaka, kesho inakataa. Wamoja wanasema: "Imekufa ile, muuze ingine." Wengine wanasema: "Muite teknisye aiformate, itapona." Mbele ya kuamua, nawaomba tusikilizane kidogo.

Kwanza tujue ni nini iko ndani. Mule muko liste ya memba, michango ya kila mwezi, na jina la kila mtu aliyesaidiwa kwenye matanga ao hospitalini. Muko na picha za karatasi za kurudia kwa hiari za HCR, na karatasi za shule za watoto waliosomea Zambia. Ninyi muliovuka mpaka mara mbili, kwenda na kurudi, hamuna lazima ya kufundishwa uchungu wa kupoteza karatasi.

Mashini yenyewe ni chuma, ingine itapatikana. Lakini mama mjane akija kesho kuomba haki yake ya matanga, register ndiyo itasema kama bwana wake alilipa. Register ikifutika, litabaki neno la mama na neno la mweka hazina. Hapo ndipo vyama vinavunjika, hata kama hakuna aliyeiba kitu.

Sasa, kuformata diski ni kutoa vyote vilivyo ndani na kuanza upya. Ni kama kuchoma nyumba juu ya panya mumoja. Na mara nyingi ugonjwa hauko hata kwenye diski. Kwa hiyo mukibonyeza ile kifungo, muangalie mashini inafika wapi. Kuko namna tatu.

Ya kwanza: haiwaki hata kidogo. Hakuna taa, hakuna sauti ya ventilatere. Musiite mtu bado. Muchomeke sharja ya telefone kwenye ile prizi: inachaji? Kama haichaji, shida ni prizi. Kama inachaji, muangalie stabilizatere, kisha kamba ya kuran: mutie ya ordinatere ingine, mujaribu. Nyuma ya sanduku, karibu na mahali kamba inaingia, kuna kifungo chenye alama 0 na I. Mtoto anayefagia anaweza kukigusa kikabaki kwenye 0. Kama bado, mutoe kamba ya kuran, mubonyeze kifungo cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani utoke, kisha murudishe kamba na mujaribu tena. Isipowaka, huenda ile boksi ya kuran iliyo ndani imeungua. Hiyo inabadilishwa peke yake, na diski inabaki salama. Lakini musiifungue boksi yenyewe: inachunga umeme hata ikitolewa kwenye ukuta, inaweza kukupiga vibaya.

Neno moja kwa mashini za zamani za zawadi, zaidi zile zilizotoka Marekani. Kule nyumba ziko na volti 120, huku kwetu ni 220. Boksi zingine za zamani ziko na kifungo kidogo chekundu nyuma, kinaandikwa 115 upande mumoja na 230 upande wa pili. Kikibaki kwenye 115, siku utachomeka hapa Lubumbashi itapasuka palepale. Mashini ya zawadi ikifika, tuangalie kifungo kile mbele ya kushangilia.

Ya pili: ventilatere inazunguka, taa iko, lakini ekrani ni nyeusi. Muangalie kama ekrani iko na kuran yake, na kama kamba yake imekaza pande zote mbili. Kama mashini inapiga bip, bip, muhesabu na muandike: tatu fupi ao moja ndefu na mbili fupi. Kila mtengenezaji ana hesabu yake, na teknisye atawashukuru. Mara nyingi shida ni memware, ile kibao kidogo kirefu kilichosimama ndani. Vumbi letu la kipwa linaingia kila mahali. Mutoe kamba ya kuran, mufungue sanduku, muguse chuma chake kwanza, mutoe memware, musugue meno yake ya dhahabu polepole na gome safi ya mwanafunzi, mupanguse, muirudishe mpaka isikike "ka!" pande zote. Kama ziko mbili, mujaribu moja moja. Vumbi lingine mulitoe na burashi laini, si kitambaa chenye maji.

Ya tatu: jina la mtengenezaji linaonekana, kisha inasimama. Hapa musome maneno yaliyo kwenye ekrani ao mupige picha na telefone. Kama inasema hakuna diski ya kuanzia, kwanza mutoe flashi zote. Kuna mashini inataka kuanza na flashi iliyosahauliwa. Kama saa na tarehe zinarudi miaka nyuma kila asubuhi, na inaomba mubonyeze F1, ni batri ndogo ya mviringo, CR2032, volti 3. Kwa wale wanaotengeneza saa iko. Kama Windows inakwama mara mbili ao tatu, mara nyingi inaleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Muchague kutengeneza mwanzo, musichague kurudisha yote upya.

Lakini mukisikia ndani "kra, kra, kra", muzime. Musiwashe tena na tena mukiomba Mungu. Ni diski inayokufa, na kila kuwasha kunaila zaidi. Teknisye akifika, neno la kwanza ni hili: "Mbele ya yote, toa mafaili yetu." Diski inatolewa, inaungwa kwenye ordinatere ingine, mafaili yananakiliwa. Ni wakati mafaili yako mukononi ndipo tunaongea habari ya kuformata. Teknisye akisema haiwezekani bila hata kujaribu, tutafute mwingine.

Sasa chanzo. Sehemu ya kuran yetu inatoka mbali, Inga, kwa laini ya kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi. Ingine inatoka kwenye mabwawa ya huku kama Nzilo, Nseke na Mwadingusha. Ikikatika na kurudi, inaweza kurudi na nguvu nyingi ao kidogo. Mashini haipendi vile. Kuran ikikatika, tutoe kamba kwenye prizi. Ikirudi, tungoje dakika kumi. Na masika, mvua ya radi ikianza, tutoe hata bila kungoja ikatike.

Nafunga na maombi matatu. Moja: tangu leo, kitabu cha karatasi kirudi. Mweka hazina aandike mukononi siku ya mchango, na memba atie sahihi, ordinatere inafuata. Mbili: kila mwisho wa mwezi, register inakiliwe kwenye flashi mbili; moja ikae kwa mwandishi, moja kwa mama mushauri, si zote mbili kwenye droo ya ordinatere. Tatu, kwa wafadhili wetu: mukitaka kutusaidia, msianze na mashini mpya. Muanze na ondilere nzuri, ile yenye batri, ili kuran ikikatika tupate dakika za kuchunga kazi na kuzima vizuri. Mashini mpya bila ondilere itaugua ugonjwa uleule.

Na ile ya sasa, nawaomba isiguswe na mtu wa kuformata mpaka mafaili yatoke. Komite itoe ruhusa hiyo tu leo: kutoa mafaili. Mengine tutaongea kwenye mkutano unaokuja.