Watu Wanaongezeka, Ardhi Haiongezeki



Tumepewa nafasi tuseme juu ya hesabu. Siyo hesabu ya ng'ombe wala ya magunia. Ni hesabu ya watu, yaani sisi wenyewe.

Katika sensa ya mwaka 1978, mkoa wetu wa Singida ulikuwa na watu karibu 614,000. Mwaka 2012 tulikuwa 1,370,637. Mwaka 2022 tukafika 2,008,058. Hebu toeni wenyewe. Katika miaka 10 tu tumeongezeka watu zaidi ya 637,000. Kumbe ongezeko hilo peke yake linazidi watu wote wa mkoa mwaka 1978!

Je, ardhi nayo imeongezeka? Hapana. Tuchukue mfano. Mzee ana ekari 12 na watoto wanne. Akigawa sawasawa, kila mtoto anapata ekari 3. Kila mtoto naye akizaa wanne, mjukuu anapata chini ya ekari moja. Atalima nini? Atachunga wapi?

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Katika mkutano mmoja mwenzetu alisimama akasema, "Wageni ndio wametumalizia ardhi." Watu wakapiga makofi. Lakini tukafungua daftari la wakazi, tukahesabu jina kwa jina. Waliohamia wapo, ndiyo. Lakini wengi zaidi ni watoto wetu wenyewe, waliozaliwa hapa hapa. Mkutano mzima ukanyamaza.

Na mgeni ni nani hasa? Tumezoea kusema Singida ni ya Wanyaturu, Iramba ni ya Wanyiramba, na Mkalama ni ya Wanyisanzu. Ni kweli, lakini siyo kweli yote. Wahadzabe wako Mkalama tangu kale. Wabarabaig wanachunga, Wagogo na Wakimbu wako upande wa Manyoni na Itigi. Wasukuma nao wamekuja na mifugo yao. Tunaoana, tunauziana, tunazikana.

Serikali iliuliza kabila katika sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Siku hizi karani anauliza umri, elimu, kazi na nyumba. Ndiyo mambo yanayotusaidia kupanga. Dawati la shule halina kabila. Kisima hakiulizi ukoo.

Sasa mapato. Wengi wetu tunategemea alizeti, na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka, na wengi tuliumia. Aliyekuwa na kuku wa kienyeji, vitunguu, mizinga au dengu alipata pa kushika. Aliyekuwa na alizeti peke yake aliuza mbuzi ili alipe deni.

Basi tufanye nini? Tuna mambo matatu.

Kwanza, daftari la wakazi liandikwe vizuri. Aliyezaliwa, aliyekufa, aliyehama na aliyehamia, wote waandikwe.

Pili, tupange matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti. Tuseme pale ni malisho, pale ni mashamba, pale ni njia ya ng'ombe. Akina mama nao wana haki ya ardhi kama wanaume. Asigawiwe mtu shamba usiku usiku.

Tatu, kila nyumba iwe na njia ya pili ya kupata fedha. Na tuzae watoto tunaoweza kuwalisha na kuwasomesha. Zahanati ipo kwa ushauri, mume na mke waende pamoja.

Ndugu zangu, zamani tuliogopa karatasi kwa sababu hatukujua kusoma. Leo tunajua. Ukiisha kusikia mtu anasema fulani wametumaliza, mwambie hivi: "Twende tukahesabu kwanza."

Daftari liko hapa mezani. Baada ya mkutano kila mtu apite, asome kama jina lake na ya watoto wake yamo.