Tulishindwa juu ya kipa?

Hotuba iliyosomwa na mwandishi wa shirika katika mkutano wa wanachama, Kamina

Bwana Prezida, wazee wetu, ba mama wa likelemba, vijana, na ninyi rafiki za shirika mnaotusoma mkiwa mbali.

Niliomba dakika ishirini, Prezida amenipa kumi na tano. Nitasema juu ya mpira. Najua wengi wamekuja kusikia habari ya mashini ya kusaga na mbegu za mahindi. Hiyo itakuja, mweka hazina anangoja zamu yake. Lakini mpira umetuletea maneno ndani ya shirika, na maneno hayo yalianza na karatasi niliyoandika mimi.

Mnakumbuka mechi ya Kabongo. Vijana wetu walifungwa 4-1. Juma lililofuata niliandika ripoti kwa rafiki zetu waliotununulia jezi na mipira, na mahali pa kuandika sababu niliandika hivi: «Tulishindwa juu ya kipa.» Maneno manne tu. Yalinichukua muda mdogo kuliko kufunga bahasha.

Ripoti ilisomwa kwanza kwenye kamati, na kamati yetu ina midomo. Kabla ya siku ya yenga sokoni walikuwa wanasema kipa aliuza mechi. «Alikula falanga ya watu ya Kabongo.» Wengine wakaongeza mambo ya bulozi, sawa vile kwetu kila mara mtu akikosa maelezo. Huyu ni kijana wa miaka kumi na tisa, alizaliwa kambini kule Zambia, akarudi hapa akiwa mdogo bila kujua nyumba ya babu yake iko upande gani. Mama yake anauza samaki. Zamu yake ya kupokea likelemba ilisogezwa mbele mara mbili, «mpaka maneno itaisha». Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo. Ilifanyika tu.

Basi nimeona nirudie mechi ile pole pole, goli kwa goli, kama vile nilipaswa kufanya siku ya kuandika.

Goli la kwanza lilitoka kwenye kona. Mtu wao mrefu aliruka peke yake, hakuna mtu wetu karibu naye. La pili lilikuwa penalti: beki wetu alishika mpira kwa mkono. Halafu tukapata moja, ikawa 2-1, na kwa dakika kumi tulicheza muzuri kabisa. La tatu ndilo lile. Shuti la mbali, halina nguvu, linadunda mbele ya kipa, linapita katikati ya mikono yake. Uwanja wote ulicheka. La nne lilikuja mwisho, sisi wote tukiwa mbele tunatafuta, nyuma amebaki mtu mmoja na kipa.

Sasa ondoeni lile goli la tatu. Semeni kipa alilishika, akalala juu ya mpira, tukampigia makofi. Tunabaki 3-1, na bado tumeshindwa.

Mzee mmoja wa kamati alinijibu, na sitaki kuficha jibu lake kwa sababu ni la mtu anayejua mpira. Alisema: «Mwandishi, mpira haihesabiwe sawa vile unga. Ile goli ya tatu iliua roho ya ekipe. Kama isingeingia, ya ine isingekuja.» Ni kweli, siwezi kukataa. Kosa la mtu mmoja lina uzito, na kipa mwenyewe anajua. Alilia kwenye kamio njia nzima. Ninachokataa ni kugeuza kosa kuwa sababu. Kosa ni kile macho yanaona. Sababu mara nyingi ilianza mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama.

Wazee watanisaidia hapa, maana nataka kurudi mwaka 1974. Wakati huo nchi iliitwa Zaïre. Mwezi wa tatu wa mwaka ule ekipe yetu, les Léopards, ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, tukashinda 2-0, na magoli yote manne aliyafunga Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga magoli tisa. Miezi mitatu baadaye watu walewale wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani, ekipe ya kwanza kutoka Afrika ya kusini ya Sahara. Wakafungwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Magoli kumi na manne, wao hawakupata hata moja.

Tuangalie ile ya Yugoslavia, tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen. Dakika ya ishirini haijafika, ni 3-0. Kipa ni Kazadi Mwamba wa TP Mazembe, mtu aliyekuwa amechukua kombe la Afrika na klabu yake mwaka 1967 na 1968. Anatolewa dakika ya 21, anaingizwa Tubilandu wa V.Club. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuokota mpira ndani ya wavu. Kocha Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa kipa ilitoka kwa mkubwa wa wizara. Ni kusema, mtu aliyekaa kwenye kiti alitazama uwanja, akaona magoli matatu, akaona kipa mmoja, akafanya hesabu yake. Aliandika ripoti yangu miaka hamsini kabla yangu.

Na matokeo ya hesabu hiyo? Matatu yaliingia Kazadi akiwepo, sita yaliingia Kazadi akiwa amekaa nje.

Mambo ambayo mkubwa yule hakuyaona uwanjani yalikuwa hotelini. Ilunga Mwepu, beki wa ekipe ile, alieleza miaka mingi baadaye kwamba kabla ya mechi ya Yugoslavia wachezaji walipata habari kwamba falanga yao haitalipwa, wakakataa kucheza, wakashawishiwa wakaingia uwanjani na roho imevunjika. Na tusisahau kitu kingine, maana sisi Wakongo tunapenda kukisahau: mpinzani naye alikula asubuhi. Yugoslavia walikuwa na ekipe kali. Ndugu, kuna siku unashindwa kwa sababu mwingine ni hodari kuliko wewe, na haihitaji mulozi.

Tena katika mechi hiyo, mara baada ya goli la nne, mwamuzi alipigwa teke kutoka nyuma. Akageuka akamtoa Ndaye. Aliyempiga alikuwa Mwepu. Basi mtu aliyetuletea kombe alitoka uwanjani kwa kosa la mwingine, na watu nyumbani waliosikiliza redio waliambiwa tu: Ndaye ametolewa.

Kisha Brazil. Mwepu alisema walinzi wa Mobutu walikuja wakawaambia: mkifungwa zaidi ya 3-0, hakuna atakayerudi nyumbani. Wakaenda kucheza na mabingwa wa dunia wakibeba maneno hayo. Brazil wakapata frikiki, wetu wamesimama ukuta, mwamuzi anapiga filimbi, na Mwepu anatoka mbio kwenye ukuta anaupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajaugusa. Dunia nzima ilicheka. Mpaka leo wanaonyesha picha hiyo, wanasema Waafrika hawakujua sheria. Mwepu alisema aliijua sheria sawasawa. Alikuwa na hasira, alitaka hata atolewe. Alipewa kadi ya njano tu. Alikufa mwaka 2015, na kicheko kilibaki.

Goli la tatu la siku ile linafanana na letu la Kabongo mpaka nashangaa. Zimebaki kama dakika kumi na moja, ni 2-0, Valdomiro wa Brazil anapiga shuti la pembeni, si kali, na Kazadi, amerudishwa golini, linampita. 3-0. Sasa sikilizeni vile goli hilo lilikwenda mbali. Brazil, Yugoslavia na Scotland walikuwa wametoka sare wao kwa wao, wote watatu walitufunga sisi, wote wana pointi sawa. Ikabaki kuhesabu magoli. Yugoslavia walikuwa mbele kwa tisa, Brazil kwa matatu, Scotland kwa mawili. Scotland walirudi kwao bila kushindwa mechi hata moja. Mtu wa Scotland angeweza kusema mpaka kufa kwake: tuliondolewa na mikono ya kipa mmoja wa Lubumbashi. Lakini wao walikuwa na dakika tisini nzima mbele ya ekipe hiyohiyo, wakafunga mawili. Hayo hayakuonekana kama kosa la mtu, kwa hiyo hayana picha.

Vijana watasema ni mambo ya zamani. Haya, mwezi wa kwanza mwaka 2024, Côte d'Ivoire, sisi na Misri. Mnajua wote mlikuwa wapi usiku ule. 1-1 baada ya dakika mia moja na ishirini, penalti zinaendelea, inafika zamu ya makipa. Gabaski wa Misri anagonga mwamba wa juu. Mpasi wetu anafunga, 8-7. Hapa Kamina tulilala saa ngapi? Kesho yake watu walisema Mpasi ametushindisha, na kule Misri bila shaka wapo waliosema Gabaski ametupoteza. Makipa wawili, mpira mmoja mmoja. Lakini bila kichwa cha Meschak Elia katika kipindi cha kwanza, Mpasi asingefika kwenye penalti. Ukinipa penalti, mzee wangu wa kamati, nakukubalia zaidi: pale mtu yuko peke yake kweli. Mechi iliyomfikisha pale ndiyo haikuwa ya mtu mmoja.

Sasa narudi Kabongo, na hapa ndipo panaponiuma.

Vijana waliondoka Kamina alfajiri. Kamio ilikwama kwenye mchanga, wakasukuma, ikakwama tena. Walifika usiku sana, wakalala chini kwenye baraza ya nyumba ya watu. Chakula walichokula siku nzima ni mihogo waliyopewa na mama mmoja njiani. Kipa alichezea glavu za kufanyia kazi ya shamba, maana zake zilipasuka na hakuna aliyenunua nyingine. Penalti ilitolewa na kijana ambaye si beki. Beki wetu alibaki Kamina na malaria.

Na falanga ya chakula na kulala ilikuwepo. Iko ndani ya daftari, ukurasa wenye alama ya kalamu nyekundu, yeyote anaweza kuja kuangalia. Siku mbili kabla ya safari tuliitoa kwa kilio cha mwanachama wetu, kwa sanduku na chakula cha waombolezaji. Kamati ilikubali, na mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Kuzika sijutii. Shirika la watu waliorudi bila kitu, likishindwa kuzika mtu wake, lifungwe siku hiyohiyo. Lakini tulipaswa kuahirisha mechi, ao kuwaambia vijana ukweli, ao kuwaandikia rafiki waliotoa falanga hiyo na kuwaeleza imekwenda wapi. Hatukufanya hata moja. Mimi, wakati wa kuandika ripoti, nilikuwa na njia mbili: kuandika habari ya kilio na daftari, ao kuandika «kipa». Kipa alikuwa rahisi.

Ndiyo maana nimewataja rafiki zetu wa mbali tangu mwanzo. Ripoti mliyopokea haikuwa ya kweli. Haikuwa na uongo ndani, goli lile liliingia kweli, lakini ilificha. Nimeandika nyingine, kurasa mbili, na hesabu ya falanga iko ndani. Prezida ameitia sahihi jana.

Ndaye Mulamba, yule wa magoli tisa, alimaliza maisha yake akiwa mkimbizi Afrika ya Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake wakiamini amekufa, kumbe yuko hai. Alikufa kweli mwaka 2019, mjini Johannesburg. Mimi nilipokuwa kambini huko Zambia, kijijini kwetu walikuwa wamekwisha kunililia matanga. Wengi humu wana habari kama hiyo. Tunajua vile mtu anaandikwa na wengine wakati hayupo kujibu.

Naomba mambo matatu kwa mkutano huu. Mama wa kipa apewe zamu yake ya likelemba mwezi huu, si mwezi ujao. Falanga ya safari ya vijana iwekwe katika sanduku lake, na ufunguo wa pili akae nao mtu asiye wa kamati. Na neno «aliuza» lisitajwe tena hapa bila mtu kusimama na kusema ameona nini, lini, kwa macho yake.

Mechi ya kurudiana itachezwa hapa Kamina. Kocha amesema kipa ni yuleyule. Glavu zimenunuliwa, nilizileta mimi mwenyewe kutoka sokoni, zinambana kidogo kidole gumba. Akikosa tena nitaandika tena. Nitaandika ni dakika ya ngapi, mpira ulitoka wapi, nani alikuwa karibu, na vijana walikula saa ngapi.

Mweka hazina, zamu ni yako.