Usimuulize Amejifunza Nini



Desemba iliyopita, shule zilipofunga, dada yangu alinipigia simu. Salamu zenyewe alizipitia juujuu. "Kaka, mtafutie mpwa wako kitabu asome. Hapa ni simu asubuhi, simu usiku. Lakini kiwe na maadili, cha kumfundisha."

Mpwa wangu ana miaka 17 na anasoma bweni. Kufundishwa anafundishwa, tangu kengele ya alfajiri mpaka taa zinapozimwa usiku. Na riwaya si kwamba hana. Waliopita kidato cha nne hapa Tanzania wanazijua: Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Takadini ya Ben Hanson, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Alipokuja kunisalimia nikamuuliza Takadini ameionaje. Akanimwagia kwa mkupuo mmoja, kama konda anayetaja vituo: "Dhamira kuu ukombozi wa jamii, dhamira ndogondogo mila potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya dhati, kufaulu kwa mwandishi, kutofaulu kwa mwandishi..."

Nikamkatiza. Nikamuuliza: Sekai alipotoroka na kichanga chake mgongoni, ungekuwa wewe ungetoroka?

Alinyamaza. Halafu akacheka. "Anko, chenyewe sijakisoma. Nimesoma uchambuzi."

Simlaumu hata kidogo. Uchambuzi ni mwembamba, unaingia kwenye mfuko wa sketi, na mtihani unauliza hoja tatu kutoka kila kitabu. Lakini tazama anachokosa. Sekai amekaa kwenye ndoa miaka bila mtoto. Anapojaliwa, mtoto ni albino, na mila za kijiji zinasema mtoto wa namna hiyo haishi. Mama anaondoka naye, anakwenda kuomba hifadhi ugenini, na huko ndiko Takadini anakokulia, wenzake wakimkwepa, akijifunza kupiga mbira kwa mzee Chivero. Ondoa Zimbabwe, ondoa mbira, unabaki na kijana ambaye kila anapopita anajua watu wanamtazama. Niambie ni mtoto gani wa miaka 15, mwenye chunusi mbili usoni na sare iliyomfupia, asiyeijua hali hiyo. Yote hayo kwenye uchambuzi yamekuwa "mila potofu", hoja namba mbili.

Ndiyo maana jioni hii nina ombi kwa wazazi, walezi, na walimu mnaonisikia. Mkimpa kijana riwaya, msimuulize amejifunza nini. Swali hilo linamgeuza msomaji kuwa mtahiniwa, na mtahiniwa siku zote anatafuta jibu ambalo msahihishaji analitaka. Mtoto aliyemwona baba yake ndani ya kitabu hawezi kukujibu kwamba "nimejifunza madhara ya ulevi." Atakaa kimya, na kimya hicho kina kazi yake. Mwacheni nacho.

Sasa, vitabu gani? Mimi nina vyangu, na wala sidai kuwa wa haki katika kuchagua.

Anayependa safari mpe Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, mtangazaji mwenzetu, aliyefariki Nairobi mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1996 na vijana wengi wa Kenya wamekisoma darasani. Kongowea Mswahili anakulia Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, baba hamjui, na mtaani hawamwachi asahau. Mama anapofariki, kijana anafunga safari kuvuka mpaka kumtafuta baba huyo. Bahati zinamwandama mno kwa ladha yangu, lakini Kiswahili chake ni kitamu kiasi kwamba unamsamehe. Na watoto wasiowajua baba zao tunao wengi, hata kama hatuwataji mezani.

Anayependa kisa kinachotambaa taratibu, mpe Peponi. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Kwa miaka mingi watu wa pwani tulisimuliwa mambo ya pwani yetu kwa Kiingereza, na ilibidi mwenyewe apate Nobel mwaka 2021 ndipo kitabu hiki kikatufikia kwa lugha ya nyumbani. Hilo nalo lina maoni yake ya siku nyingine. Yusuf ana miaka 12. Anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye yeye anamjua kama ami yake, anayempaga sarafu kila akija. Dukani kuna kijana mkubwa kidogo, Khalil, na Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako. Baba yako ana deni, na wewe ni rehani. Kuna siku katika utoto wa kila mtu anapogundua kwamba wakubwa walikuwa wanapatana jambo juu ya kichwa chake. Gurnah ameiandika siku hiyo bila kupandisha sauti.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, nayo niitaje: Maimuna aliyefungiwa ndani na baba ambaye yeye mwenyewe nje hashikiki. Na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya Yasmin aliyeozwa angali msichana mdogo kwa mume wa umri wa baba yake. Hiyo ina filamu pia, ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Kijana akianza na filamu akamalizia kwa kitabu, hakuna aliyeibiwa.

Lakini kitabu nilichompa mpwa wangu si kimojawapo cha hivyo. Nilimpa Rosa Mistika.

Najua kuna mzazi aliyeruka kwenye kiti. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alikitoa mwaka 1971 akiwa bado kijana, na kikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye shule zile zile zikakisomesha. Rosa anakulia hapo hapo Namagondo kwa baba mlevi, Zakaria, ambaye dawa yake ya kumlinda binti ni fimbo. Barua ya kijana inapomfikia Rosa, kipigo anachokipata, msomaji hakisahau. Basi Rosa anajifunza kwamba wavulana ni hatari, na zaidi ya hapo hafundishwi kitu. Hajui namna ya kumkatalia mwanamume kwa adabu wala bila adabu. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, macho ya baba hayapo na ya kwake mwenyewe hayapo. Mwisho wake ni mbaya. Anajitoa uhai.

Ndiyo, na hapo sitanii. Kitabu hiki simpi mtoto wa miaka 12. Na mtoto mwenye huzuni ambayo unaiona, simpi nikaondoka. Nakisoma kwanza mimi, nampa, halafu nakuwepo. Dada yangu aliposikia jina la kitabu aliniambia, "Kaka, unamfundisha mapenzi mwanangu?" Nikamwambia mapenzi anafundishwa bure kwenye ile simu unayoilalamikia, na kule hakuna anayemwonyesha asubuhi ya pili yake. Kezilahabi anaionyesha. Anaonyesha pia kitu ambacho kitabu cha maadili hakithubutu: kwamba aliyempoteza Rosa ni yule yule aliyedhani anamlinda. Nadhani ndicho kilichowatisha wakubwa mwaka ule, kuliko hizo kurasa za mapenzi wanazozitaja.

Jinsi ya kumpa? Usimkabidhi kama cheti. Mimi nilikiweka mezani chini ya gazeti nikaenda zangu kazini. Nilichompa kilikuwa changu cha zamani, nilichokinunua Posta kwa wale wauza vitabu wanaotandaza barabarani, jalada limekatika, kurasa za mwanzo zimekunjamana kama zilinyeshewa. Siku ya tatu umeme ulikatika, nikapita koridoni nikaona mwanga wa tochi ya simu chini ya mlango. Simu hiyo hiyo. Sikugonga.

Januari alirudi shule na kitabu hakikurudi rafuni. Sikuuliza. Machi dada yangu akanipigia, safari hii kwa sauti ya chini. Alitaka kujua kama kuna kingine cha aina hiyo, akasema ni cha jirani. Nikampelekea Utengano. Cha jirani, haya.

Juzi, Juni hii, mpwa wangu amekuja na kunirudishia Rosa wangu. Amemvisha jalada la khaki, kama tunavyofunika madaftari. Ndani ya jalada kuna majina saba ya wasichana, yameandikwa kwa kalamu tofauti, mengine yamekatwa kuonyesha mwenye jina ameshamaliza. Nikafungua mwishoni, pale ambapo baba na binti, wote wameshakufa, wanasimama mbele ya Mungu kila mmoja na lake la kusema. Pembeni ya maneno ya Zakaria kuna mwandiko wa penseli. Si wangu, na mpwa wangu anaapa si wake. Umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka kidogo. Umeandikwa: "Muongo huyu, namjua."

Nimemuuliza mpwa wangu ni wa nani. Amesema, "Anko, hilo sikwambii."