Ngoma na Redio Katika Nchi ya Bariadi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya michezo na mazungumzo ya watu wa Bariadi, mji ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Wasukuma wakiisha kuvuna, huingia majira ya mashindano ya ngoma. Tangu karne ya 19 wachezaji wamekuwa pande mbili: Bagika, wafuasi wa Ngika, na Bagalu, wafuasi wa Gumha. Pande hizo hucheza kwa wakati mmoja, kila upande mahali pake, wala mwamuzi hatafutwi mbali. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: upande uliokimbiwa na watu umeshindwa. Kwa hiyo manju, mtungaji wa nyimbo, hana budi kuleta maneno mapya kila mwaka. Husifu, hutania, na hueleza mambo yaliyotokea. Mvivu na bahili husikia habari zao hadharani. Hivyo ngoma ni furaha, tena ni gazeti.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na vijijini mtu mwenye redio na mawe yake hakukosa wageni jioni. Redio imetufaa sana: imeeneza Kiswahili, na imetuletea habari za nchi za mbali, ambazo manju asingeweza kuzijua.

Lakini tuangalie jambo moja. Redio husema, sisi twanyamaza. Tukiondoka, mwimbaji hana habari. Uwanjani sivyo, huko kila mtu hutoa hukumu kwa miguu yake. Kijiji kikizoea kusikiliza tu, kitasahau kuhukumu na kutunga. Tena nyimbo nyingi za Kisukuma hukaa katika vichwa vya wazee tu, na mzee akifa huzikwa nazo.

Basi, hatusemi redio izimwe. Twawaomba ninyi wanafunzi, mwendeeni manju wa kijiji chenu kwa adabu. Mkipata ruhusa yake, andikeni maneno yote, pamoja na jina lake, mahali na mwaka. Mwenye simu na ainase sauti yake. Kisha pelekeni nyimbo hizo kwa watangazaji wa redio za karibu, wazitangaze. Na mavuno yajayo, msikae nyumbani. Nendeni uwanjani mkahukumu.