Mashine ya Useremala Iliyotumika: Tuiuze kwa Bei Gani?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za miradi za sharika



Karakana ya useremala inapofungwa, mashine zake hutakiwa kuuzwa, na ubishi huwa juu ya bei. Wengine hutazama daftari la mali, wakaona thamani imeshuka hadi sifuri, wakakubali bei ya chuma chakavu. Wengine hutazama ankara ya mfadhili, wakataja bei ya mashine mpya, nayo ikaota kutu ghalani. Njia zote mbili ni hasara. Bei ya haki hutokana na kazi ambayo mashine inaweza kufanya leo.

Kwanza, mwiteni fundi aiwashe. Sikilizeni beringi. Umeme ukiwa umezimwa, atikise shafti ya visu. Ikicheza, beringi zimelika. Alaze rula ya chuma juu ya meza ya randa aone kama imepinda. Kisha apitishe ubao. Mashine isiyowaka, mnunuzi huihesabu kuwa haina mota.

Pili, angalieni umeme. Mashine nyingi kubwa hutumia fezi tatu, na mafundi wengi wa mtaani wana fezi moja. Mnunuzi huyo ataondoa gharama ya mota nyingine kwenye bei yenu.

Tatu, pigeni hesabu. Tuseme randa mpya ya kazi ileile dukani ni shilingi 3,000,000. Kwa iliyotumika na bado nzima, anzieni nusu: 1,500,000. Ondoeni beringi na visu 200,000, na kusafirisha na kuifunga 150,000. Inabaki 1,150,000. Anayetoa 300,000 anawanyang'anya.

Nne, msiuze msumeno usio na kinga. Irudisheni kwanza, gharama yake ni ndogo kuliko vidole vya kijana.

Mkitaka kumpunguzia kijana aliyehitimu katika karakana hiyo, ni jambo jema. Lakini muhtasari uonyeshe bei kamili, kisha punguzo kama msaada. Mjumbe anayetaka kununua asikae katika kikao cha kupanga bei. Kabla ya kuuza, someni mkataba wa mfadhili. Pengine idhini yake inahitajika. Baada ya kuuza, apewe taarifa: mashine ipi, bei gani, na fedha zimefanya nini.