Nani Aende na Mgonjwa? Kumuuguza Rafiki Nje ya Nchi kwa Sisi wa Simiyu

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa dini na wawakilishi wa vikundi vya kufa na kuzikana, Bariadi



Mtu wa kwetu akiambiwa na madaktari kwamba inabidi akatibiwe India, kikao cha ukoo hukaa wiki hiyohiyo, na mazungumzo huwa ya fedha. Ng'ombe wangapi wapelekwe mnadani, pamba iliyoko ghalani itaingiza nini, nani apigiwe simu Dar es Salaam, nani afungue kundi la WhatsApp la michango. Suala la mtu wa kwenda naye huja mwisho, watu wameshachoka, na huamuliwa kwa heshima. Anapewa baba mdogo kwa sababu ndiye aliyetoa ng'ombe wengi, au shemeji aliyeko Mwanza kwa sababu amezoea mjini. Nimekuja kusema kwamba tumeanzia mwisho. Anayeuguza ni sehemu ya tiba yenyewe, na inafaa ajulikane na aandaliwe kabla harambee haijatangazwa.

Nayasema haya kwa kuwa nimewahi kuwa mtu huyo. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, figo zake zilishindwa baada ya miaka mingi ya shinikizo la damu. Alisafishwa damu Mwanza, kisha akaenda Chennai kupandikizwa figo, kabla huduma hiyo haijaanza hapa nchini. Mdogo wake alitoa figo, nami nilikwenda kuwauguza wote wawili. Mimi si daktari. Naongea kama mtu aliyebeba bahasha za vipimo.

Nchi yetu imezoea kumtazama mgonjwa na mfuko wa michango, basi. Mwigizaji Sajuki alipopelekwa India mwaka 2012, Watanzania wengi walichanga, na alipofariki Januari 2013 wengi walilia. Mkewe Wastara, naye mwigizaji, ndiye aliyemuuguza, lakini sikumbuki mjadala wowote kuhusu kazi aliyokuwa akiifanya usiku na mchana. Mfano wa kupanga vizuri tuliupata mwaka 2017. Wale watoto watatu walionusurika katika ajali ya basi la shule ya Lucky Vincent kule Karatu walipelekwa Sioux City, Marekani, wakiwa na mama zao, daktari na muuguzi. Ile ilikuwa ajali, si ugonjwa wa kudumu, lakini angalieni walivyogawana kazi: mama ni wa mtoto, muuguzi na daktari ni wa dawa na karatasi. Sisi wa Simiyu hatutapata daktari wa kusafiri naye. Hizo kazi zote atazifanya mtu mmoja.

Je, ni lazima kuvuka bahari?

Hili lina jibu tofauti leo kuliko miaka 15 iliyopita. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na mwaka 2023 hospitali hiyohiyo ya Dodoma ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye siko seli, ugonjwa ambao sisi wa Kanda ya Ziwa tunaujua kwa majina ya watoto wetu. Kwa hiyo mgonjwa anayetoka hospitali yetu ya mkoa pale Nyaumata kwenda Bugando, na kutoka Bugando kwenda Muhimbili au Dodoma, amuulize bingwa waziwazi: kule kuna kitu gani ambacho hapa hakipo? Kama jibu ni kwamba fulani alikwenda akapona, ng'ombe wabaki zizini kwanza.

Hata hivyo, mengi nitakayosema yanamhusu pia anayempeleka mtu Dodoma. Kwa bibi wa Meatu ambaye hajawahi kulala nje ya Mwanhuzi, Dodoma nayo ni ng'ambo.

Sheria haimjui rafiki

Urafiki kwetu ni kitu kizito. Kuna rafiki anayejua siri ambazo ndugu hawazijui, na mara nyingi ndiye anayefaa zaidi kuuguza. Ubalozini hali ni nyingine. Kwa kawaida India hutoa viza kwa wasindikizaji wawili kwa kila mgonjwa, na kanuni zake zimewalenga ndugu wa damu. Rafiki anayetaka kwenda aulize mapema Ubalozi wa India Dar es Salaam, akiwa na barua ya hospitali inayomtaja kwa jina lilivyo kwenye pasipoti yake. Kama ni mtumishi wa umma, kibali cha mwajiri nacho kina foleni yake. Na akiingia kwa sababu ya matibabu, asisahau kuuliza hospitalini kuhusu kujisajili kwa mamlaka ya wageni, kwa maana muda wake ni mfupi na hauhesabiwi kuanzia siku mgonjwa atakapopata nafuu.

Kwenye figo sheria ni kali zaidi, na ni vizuri iwe hivyo. Sheria ya India ya mwaka 1994 ya kupandikiza viungo inawatambua ndugu wa karibu: mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, marekebisho ya mwaka 2011 yakaongeza babu, bibi na wajukuu. Mgeni hupita kwenye kamati ya idhini, na ubalozi wa nchi yake huthibitisha undugu. Sasa fikirieni ukoo wa kwetu, ambako mtoto wa baba mdogo ni kaka kabisa, na vyeti vya kuzaliwa vimeandikwa ukubwani, kila kimoja na tahajia yake ya jina la babu. Hizo ni wiki za kukaa nyumba ya kupanga mkisubiri karatasi, huku mgonjwa akisafishwa damu kwa fedha ya harambee. Vyeti vilingane hapa, ofisi ya msajili ikiwa jirani.

Na kuna madalali. Mtu atakusogelea kwenye foleni ya duka la dawa aseme figo inapatikana, na kwamba wewe rafiki jiandikishe tu kuwa kaka. Anayeuguza ndiye wa kulikataa hilo, kwa sababu mgonjwa aliyechoka anaweza kukubali chochote.

Jambo moja zaidi kuhusu mtoa figo. Familia nyingi humhesabu kuwa msindikizaji, ili kuokoa nauli. Siku ya upasuaji wanagundua kuwa wana wagonjwa wawili, ghorofa mbili tofauti, na hakuna mtu mzima wa kuitwa. Kwa upandikizaji wa figo, mtoa figo asihesabiwe. Hii ndiyo nafasi halisi ya rafiki.

Kazi yenyewe

Mgonjwa wa figo husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Ndiyo maana wengi wetu huacha kupanda basi la Lamadi kwenda na kurudi, wakapanga chumba Mwanza. Safari ya ndege hupangwa kwa kufuata ratiba hiyo: asafishwe kabla ya kuondoka, na nafasi ya kusafishwa iwe imeshathibitishwa kule anakofikia. Shirika la ndege litataka barua ya daktari kwamba anaweza kusafiri. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye begi la mizigo.

Kisha chakula. Mama zetu humfungia msafiri michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na ni upendo mtupu. Lakini viazi vitamu vina potasiamu nyingi, na vikikaushwa inakolea zaidi. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, potasiamu inaweza kumsimamisha moyo. Ndizi, maparachichi na machungwa nayo ni ya kupimiwa. Maji yenyewe hupimwa kwa kikombe, katika jiji lenye joto la Chennai, na anayeuguza ndiye anayeonekana mchoyo. Nilikunywa maji yangu nje ya chumba. Baadaye, figo mpya ikishafanya kazi, daktari hugeuza maagizo na kumhimiza mgonjwa anywe maji mengi, na inabidi umshawishi yuleyule uliyekuwa ukimkataza.

Karibu na hospitali kubwa za Chennai, kama mitaa inayozunguka Greams Road, kuna nyumba za kulala wageni zenye majiko, zimejaa wagonjwa kutoka Bangladesh, Oman na kwetu Afrika. Unga wa mahindi unapatikana. Wali wa huko nao si mbaya, ila pilipili ni ya kuomba ipunguzwe. Anayejua kupika anaokoa fedha nyingi. Hiki ni kigezo ambacho sijawahi kukisikia kwenye kikao cha ukoo.

Kigezo kingine ni daftari. Kila daktari anayeingia, andika jina, saa, alichosema, kipimo alichoagiza. Madaktari hubadilishana zamu, daftari linakaa. Andika pia kreatinini ya kila siku, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kwa maana ndiyo namba ambayo Bugando au Muhimbili watakuuliza mkirudi.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutafsiri. Mgonjwa anayejua Kisukuma na Kiswahili kidogo anamsikia daktari kupitia kinywa chako, na daktari naye anamsikia hivyohivyo. Ukipunguza makali ya habari mbaya, umemnyima haki ya kuamua kuhusu mwili wake. Nimewaona wasindikizaji wa mataifa mbalimbali wakifanya hivyo kwa huruma: daktari anaeleza kwa dakika tano, mgonjwa anaambiwa "anasema utapona". Baadhi ya hospitali hutoa mkalimani. Aombwe siku ya kutia saini fomu za upasuaji, hata kama msindikizaji anajua Kiingereza, ili yeye abaki kuwa rafiki tu siku hiyo.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Makadirio ya hospitali ni ya matibabu yanayokwenda vizuri. Homa moja ya kuambukizwa huyavuruga. Zaidi ya dola 5,000 taslimu hutangazwa forodhani unapoingia India. Risiti zote zihifadhiwe, na taarifa kwa wachangiaji itoke kwa mtu mmoja, mara moja kwa wiki, kwa maandishi. Picha za mgonjwa akiwa na mipira mwilini hazina kazi yoyote kwenye kundi la watu 200. Mchangiaji ana haki ya kujua fedha ilivyotumika, na haki yake inaishia hapo.

Msindikizaji naye ni mtu. Atalala kwenye kiti, atagombana na mgonjwa kwa sababu ya kijiko cha chumvi, atasikia kwa simu kwamba mtoto wake anaumwa huku Bariadi. Ukoo uliomtuma umpe mtu wa kumwangalizia mji wake na shamba lake, kwa jina, si kwa kusema "usijali, tupo".

Mambo tusiyopenda kuyataja

Kuzungumza kifo kabla ya safari kwetu ni kama kukiita. Wazee, naomba mtuvumilie. Mtu akifia nje kuna cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili, idhini ya ubalozi wetu ulioko New Delhi, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Chennai, na gharama ya mizigo ya ndege. Mgonjwa aulizwe mwenyewe, faraghani, na mtu anayemwamini: angependa kurudishwa hata kama fedha yote itaishia hapo, ama angependa watoto wabaki na kitu? Mchungaji, padri au shehe anaweza kuliuliza hilo bila kuonekana anaroga.

Na kuna kurudi, ambako wengi hudhani ndiyo mwisho. Aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kuzuia mwili usiikatae figo maisha yake yote. Mojawapo, takrolimasi, humezwa kila baada ya saa 12. Aliyezoea kuimeza saa mbili asubuhi Chennai, akifika nyumbani saa hiyo ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu India imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Daktari aulizwe kabla ya kupanda ndege jinsi ya kuhamisha saa, si kukisia. Balungi halimfai, maana huongeza dawa hiyo kwenye damu. Dawa za mfumu, mganga wetu wa jadi, zisiingie bila daktari kujua. Kinga yake iko chini kwa makusudi, na hapo ndipo ukoo mzima unapojaa nyumbani kushangilia, wengine wakiwa na kikohozi. Rafiki aliyekwenda naye ndiye wa kusimama mlangoni. Atalaumiwa, na alaumiwe tu.

Pendekezo langu ni dogo. Pale Nyaumata pawe na siku moja kila mwezi ambapo waliowahi kuuguza mtu nje ya mkoa, iwe Dar es Salaam, Dodoma au India, wanakutana na wanaojiandaa kwenda, wakiwa na madaftari yao. Hahitajiki mfadhili. Chumba kipo, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawajua wagonjwa kwa kaya. Kinachobaki ni nauli ya mtu wa kutoka Meatu au Busega, ambayo vikundi vyetu vya kufa na kuzikana, vyenye mfuko wa mazishi tu kwa sasa, vinaweza kuilipa kama katiba zao zitarekebishwa. Nimeleta nakala ya katiba ya kikundi changu, na ninaomba kikao cha mchana kianzie kwenye kifungu cha matumizi.